Mwaka Tuliokwenda Kuposa Chuo

Mwezi uliopita tulimuaga Maman Georgette katika ukumbi wa kanisa pale Saint-Gilles, na naapa nusu ya Brussels ilikuwa humo ndani na nusu nyingine ilikuwa nje ikitafuta mahali pa kuegesha gari. Alikuwa anaacha kuongoza kambi ya watoto ya likizo baada ya majira mengi ya joto, mengi kiasi kwamba watoto aliowafuta makamasi sasa wana vipara na mikopo ya nyumba. Meza zilijaa sombe, yaani kisamvu, samaki wa kukaanga, na ule mlima wa bukari ambao sisi Watanzania tunauita ugali na kila mwaka tunagombana nao Wakongomani kuhusu nani anausonga mgumu zaidi. Nilikuwa nimeshika sahani ya pili, ambayo kwa hesabu ya mke wangu ilikuwa ya nne, aliponijia binti mmoja aliye mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikuwa amefanya kazi kambini kiangazi hiki. Akaniuliza kwa adabu, "Tonton Rajabu, ni kweli kazi ya kambi inasaidia ukiomba chuo? Mwalimu wetu anasema inapendeza kwenye maombi." Nilitaka kumjibu kwa neno moja, ila neno moja ni kipimo ambacho sijawahi kukitumia maishani. Nikiwa bado nameza, Maman Georgette akapita nyuma yetu, akamwambia binti bila hata kusimama, "Umuulize vile tulienda kumuposea chuo." Binti akacheka akidhani ni mzaha. Nikavuta viti viwili, nikamweleza mpaka bukari ikawa baridi, na sasa naiandika hapa kwa utulivu, maana siku ile nilikuwa nazungumza na mfupa wa samaki mdomoni.

Mwaka ule nilikuwa kijana mwembamba, jambo ambalo watoto wangu hawaliamini hata nikiwaonyesha picha. Nilipanga chumba ghorofa ya tatu katika moja ya zile nyumba za zamani za Saint-Gilles ambazo matajiri walizijenga kwa dari ndefu, halafu warithi wao wakazikata kwa mbao ili wapate vyumba vingi vya kupangisha. Ukuta wa mbao ulipita katikati kabisa ya lile ua la plasta la darini, kwa hiyo nusu ya ua ilikuwa yangu na nusu ilikuwa ya jirani, na kila mmoja alijiona ana nusu nzuri zaidi. Ngazi zilikuwa nyingi hivi kwamba ukipanda na mkate wa moto, unafika juu na mkate wa jana. Maman Georgette alikaa chini yangu, na sakafu ilikuwa nyembamba kama kaki. Kila Jumapili alipiga simu kwao Likasi, kule Kongo, akiongea kwa sauti ya mtu asiyeuamini waya, nami nikiwa kitandani nilijua nani ameoa Likasi, nani ameachwa, nani amejenga bila kumaliza paa. Habari za kwetu Morogoro nilizipata kwa nadra; za Likasi ningeweza kuzitangaza redioni.

Alfajiri nilikuwa nasafisha ofisi katika yale majengo marefu yaliyo karibu na stesheni ya Gare du Nord. Nilifanya kazi hiyo kwa moyo, na msimamizi alinipenda, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Alinipa habari kwamba kuanzia Septemba ningepata mkataba wa kudumu, nisimamie ghorofa tatu, lakini zamu yake ni ya jioni. Niseme ndiyo au hapana kabla Agosti haijaisha. Mtu mwingine angechinja mbuzi. Mimi nilikuwa na siri ya kutaka kusomea kazi ya kulea watoto na vijana, na chuo pekee ambacho mtu kama mimi angeweza kukisogelea kilikuwa cha jioni. Jioni ni moja, haigawanyiki kwa ukuta wa mbao. Mkataba ungekuja tu wenyewe. Chuo ilibidi nikakiombe, na kama wangenikataa, basi ghorofa tatu zilikuwa zinanisubiri na ndoo zake.

Aliyenipa mwanga alikuwa Mzee Kassim, mtu wa Tanga, dereva wa mwanadiplomasia mmoja, aliyekuwa akija kwangu kila Jumamosi kunywa chai na kunikagua kama baba mdogo. Alikuwa mtanashati, viatu vyake viling'aa hivi kwamba ungeweza kuvitumia kama kioo cha kunyolea ndevu. "Nimeuliza vizuri," alisema, akipuliza chai. "Pale chuo cha jioni hawaangalii vyeti tu. Wanataka experience. Umefanya nini na watoto? Halafu wanakuita interview." Nikamwambia kwamba experience yangu na watoto ni kwamba niliwahi kuwa mmoja wao. Hakucheka. "Basi tafuta, kijana. Summer ndiyo hii inakuja." Jioni hiyohiyo nilishuka ghorofa moja, nikabisha kwa Maman Georgette, maana kupitia sakafu nilishamsikia akilalamika kwamba kambi yake ya watoto huko Jette, upande wa pili wa mji, imepungukiwa na monita, yaani wale vijana wanaocheza na watoto na kuwachunga mchana kutwa.

"Tanzanie," alisema akiwa bado ameshika mwiko, maana jina langu hakulitumia mpaka mwezi wa pili wa kambi, "unajua kuchunga batoto?"

"Najua, maman."

"Batoto ya nani?"

"Wa watu wote."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Bon. Lundi, sept heures et demie, Jette. Ukichelewa, usifike." Yaani Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.

Kambi ilikuwa katika shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo, karibu na ile hospitali kubwa, na wazazi wengi walikuwa wauguzi, wafagizi na wapishi wa hospitali ambao hawakuwa na likizo ndefu kama ya watoto wao. Mvua ya Jette, mwezi Julai, haina aibu. Ilinyesha wiki mbili mfululizo hadi nikaanza kuangalia vidole vyangu kama vimeota utando. Tulikuwa tunakaa ndani ya ukumbi wa mazoezi wenye harufu ya mpira na soksi, watoto mia, labda mia mbili, labda elfu, sikuwa na muda wa kuhesabu, nao walikuwa na sauti ya uwanja wa mpira siku ya fainali. Maman Georgette alipita katikati yao na kitenge chake na filimbi ambayo sikumsikia akiipuliza hata mara moja. Akisimama tu, kelele zilishuka. Nimefanya kazi hii miaka yote tangu hapo, nimesomea nadharia za kutuliza kundi, nimeandika mitihani juu yake, na bado sijui alikuwa anafanyaje.

Watoto wakishaondoka, monita wote tulikaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa masikio, kwa kikao ambacho kila mtu husema jambo moja alilolifanya vizuri na moja alilolikosea. Wenzangu walisema bila shida: mimi nimeandaa mchezo mzuri, mimi nimetuliza ugomvi. Zamu yangu ikifika, nilisema, "Tulicheza vizuri, tunashukuru." Sasa, mtu anayenijua atashangaa, maana mimi samaki wa kiganja nitakuhadithia awe wa ukubwa wa mlango. Nitakuza mvua, nitakuza ngazi, nitakuza njaa. Lakini nikiombwa kutaja jema nililolifanya mwenyewe, ulimi unakauka. Ndivyo nilivyolelewa: sifa zako wanazisema watu, wewe ukiwa unatazama kidole gumba cha mguu. Maman Georgette hakuniachia. "'Tu' njo nani?" aliuliza, 'njo' yake ikiwa 'ndiyo' yetu. "Tunakuuliza weye." Nikatazama kidole gumba. "Bon," akasema, "Tanzanie atasema kesho," na akasema hivyo kila siku.

Palikuwa na mtoto wa miaka sita, Inès, ambaye mama yake alifua mashuka pale hospitalini. Mchana watoto walifungua makopo yao ya chakula, karibu wote mikate iliyopakwa kitu, kila mmoja na kopo lake mbele yake kama karani na meza yake. Inès alifungua lake mara moja tu, siku ya kwanza: wali baridi na samaki wa jana. Waliokaa karibu wakabana pua. Kuanzia hapo alilikumbatia kopo likiwa limefungwa, akisema ameshiba, na saa tisa alikuwa analia bila sababu. Monita wengine walimbembeleza mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa na wali wangu na maharage, na niliielewa ile pua iliyobanwa kwa sababu walishaibana kwangu pia, ila mimi nilikuwa mkubwa na nina meno.

Basi siku moja nilikwenda jikoni, nikachukua lile sinia kubwa la kuokea, nikaliosha, nikaliweka sakafuni juu ya godoro la mazoezi. Nikamimina wali wangu katikati. Nikamwomba Inès aongeze wake, akaongeza huku akinitazama kama mtu anayeingizwa kwenye wizi. Halafu kundi langu lote nikawaambia walete vyao: mikate tuliikata vipande, matango, jibini, vijiti vya karoti, tukavipanga pembeni kama miale ya jua. Nikawafundisha sheria: mkono unaoshwa, unakula upande wako, huvuki kwenda kwa jirani, na kizuri ukikiona kwako unamsogezea mwenzako. Sijaona watoto wa Brussels wakiwa kimya namna ile. Waliobana pua ndio waliomaliza samaki. Inès alikula, akala, akasogezewa jibini, akaikataa kwa uso wa malkia, akala tena wali.

Maman Georgette aliingia tukiwa tunalamba vidole. Alisimama, akatazama sinia, akapauka. Akapiga magoti palepale, kitenge na vyote, akaanza kuokota vipande vyekundu kwa kucha zake. Ilikuwa nyama ya nguruwe iliyotoka ndani ya mikate, nami Mwislamu mzima nilikuwa nimeipanga kwa mikono yangu bila kuitambua, ikiwa pua na pua na watoto watatu ambao hawaili. "Na karanga?" aliniuliza polepole, na upole wake ulinitisha kuliko filimbi. "Uliuliza nani hapana kula karanga?" Sikuwa nimeuliza. Kwetu sinia linapotengwa, kila mtu anajua kilichomo kwa kuwa kimetoka jiko moja. Hili lilikuwa limetoka majiko kumi na zaidi. Hakuna mtoto aliyedhurika, lakini nilikaa saa nzima nikizitazama nyuso zao kama daktari, na nadhani nilizeeka palepale.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake, jioni alisimama mlangoni kwa mvua, akaongea na kila mzazi: mutoto yako anakula nini, hapana kula nini, tunataka kumukalisha na benzake ku sinia. Wazazi wawili walikataa, akawaheshimu. Wiki iliyofuata palikuwa na masinia mawili, na kidogo kidogo ukumbi mzima wa mazoezi ukawa unakula hivyo siku za Alhamisi. Kwenye kikao alisema mbele ya wote, "Sinia njo wazo ya Tanzanie. Na kosa njo ya Tanzanie. Yote mbili ni yake." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hivyo, na nina vyeti viwili ukutani.

Mwishoni mwa Agosti chuo kiliniita kwenye usaili. Hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo, nikilisimulia kwa wenzangu kazini, wanadhani nimelikuza, na kwa bahati mbaya ndilo pekee ambalo sijalikuza. Mzee Kassim alikuwa kwangu, Maman Georgette alikuwa amepanda kuniletea sombe, na wote wawili, waliokuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya ugumu wa ugali, waliuliza swali moja: nani atakwenda kunisemea? Nikawaambia nadhani mtu anakwenda mwenyewe. "Mwenyewe?" alisema Mzee Kassim. "Unakwenda kuomba jambo la miaka mitatu, unasimama mbele ya watu wazima, unaanza kujisifu mwenyewe? They will think huna wazee." Nikamkumbusha Maman Georgette kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinilazimisha kujisemea kikaoni. "Kule ni kwetu," alijibu. "Huku tunaenda ku bantu. Muntu haendake kuomba peke, kama mutoto yatima." Jambo likaisha hapo. Walibishana tu nani awe msemaji. Mzee Kassim alisema yeye ameposea vijana wanne na wote bado wako na wake zao. Maman Georgette alisema yeye ndiye anayejua kazi yangu, tena Kifaransa cha Mzee ni cha kuulizia njia. Wakakubaliana: Mzee atafungua, maman atasema.

Tulikwenda kwa treni ya mtaani, Mzee Kassim amevaa kanzu na koti juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, viatu vya kunyolea ndevu. Maman Georgette amefunga kitenge cha harusi na amebeba beseni la sambusa lililofunikwa kitambaa. Watu walitupisha viti, nadhani walifikiri kuna ndoa. Kwenye ukumbi mrefu wa chuo waombaji wengine walikuwa wamekaa mabenchini, kila mmoja peke yake. Jina langu likaitwa, tukainuka watatu.

Ndani kulikuwa na watu watatu pia, na mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mzee Kassim akasalimu, akasema kwa Kifaransa chake cha kuulizia njia kwamba sisi ni ujumbe, kwamba kwetu anayetafuta jambo kubwa hajisemei, na kwamba tumekuja na huyu kijana kwa heshima. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, nami nampenda hadi leo kwa sababu hakutabasamu lile tabasamu la kuvumilia wageni. Akasema ameelewa, anashukuru, lakini utaratibu unataka mwombaji awe peke yake, na sambusa hawezi kuzipokea. Wazee wangu wakatoka kwa hadhi. Mlango ukaachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto.

Nikabaki. Wakaniuliza kambini nilifanya nini. Nikasema tulicheza, tulikula, tulishirikiana. Nilifanya nini pale mtoto aliposhindwa kuzoea? Tulimsaidia. Nilijifunza nini? Tulijifunza mengi, tunashukuru. Mwenyekiti akavaa miwani. "Bwana," alisema, "nimesikia mengi juu ya ninyi. Juu yako sijasikia kitu, na leo tunachagua kwa kukusikia wewe." Nikafungua mdomo. Nikaliona sakafu, nikaziona ghorofa tatu za Gare du Nord zikinijia na ndoo zake, na kidole gumba kikawa ndicho kitu cha kupendeza kuliko vyote duniani.

Ndipo tukaisikia sauti kutoka ukumbini. Maman Georgette alikuwa anagawa sambusa kwa waombaji wa mabenchini, na kwa Kifaransa chake, ambacho anakisema kana kwamba Likasi wanasikiliza, alikuwa anawahadithia. Kulikuwa na mtoto, alisema, hakuonja chakula mwezi mzima, alibaki mifupa, madaktari walikata tamaa. Akaja huyu kijana aliyemo humo ndani. Akaweka sinia moja, watoto mia tatu wakakaa, mvua ikaacha. Hadi leo sijui kama alijua kwamba tunamsikia. Nimemuuliza mara nyingi, hujibu kwa kuniuliza kama nimekula.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Ni kweli?"

Na hapo, mimi, mkuzaji wa samaki, nilishikwa na hofu ya kusifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. "Hapana, madame," nilisema. "Hawakuwa mia tatu. Siku ile walikuwa kumi na wanne, kundi langu tu. Mtoto hakuwa mgonjwa, kwao alikula vizuri kila jioni. Alifunga kopo lake kwa sababu wenzake walibana pua. Mimi niliona, kwa sababu nakula chakula kama chake. Nilichukua sinia, nikaanza na wali wangu ili wake usiwe peke yake. Na sikuuliza nani hali nini. Palikuwa na nyama ya nguruwe na pangeweza kuwa na karanga. Hilo lilikuwa kosa langu, si la kambi. Sasa siweki chakula mbele ya mtoto kabla ya kuongea na mzazi wake."

Wakaniuliza maswali mengine, nami nikayajibu, na nilipotoka ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesema "mimi" na dari haikuanguka. Wakafunga mlango kuzungumza. Nilikaa benchini kati ya wazee wangu wawili. Beseni lilikuwa tupu, na waombaji wote walikuwa na mafuta vidoleni na walinitakia heri kama ndugu wa tumbo moja.

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alitoka mwenyewe, akanipita mimi, akasimama mbele ya Mzee Kassim na Maman Georgette. "Jibu nimpe nani?" aliuliza.

Mzee Kassim akanyoosha mkono kumwelekeza maman. Maman Georgette akasimama, akakaza kitenge.

"Tumempokea," alisema mwenyekiti. "Masomo yanaanza Septemba."

Nilitaka kuruka, lakini mkono wa Mzee Kassim ulikuwa begani mwangu, mzito kama gunia, kwa maana katika mambo haya upande wa kijana hauonyeshi papara. Maman Georgette alishukuru kwa kichwa tu. Kisha akaingia ndani ya kile chumba, akavuta kiti kilichokuwa changu, akakaa akawatazama wote watatu.

"Bon," alisema. "Alors, na sisi tuko na maulizo yetu."

Mwenyekiti akarudi mahali pake, akaweka mikono juu ya meza, akamwambia aulize.